Mtoto alificha alama za meno siku nne: tuongee kuhusu mbwa koko, nyoka, popo na nyani tunaokutana nao mitaani

Jongoo Mwendo (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Naandika huu uzi moyo bado haujatulia vizuri, mnivumilie kama maneno yatapishana.

Nakaa na mtoto wa dada yangu, ana miaka minane. Wiki iliyopita nikaanza kumuona anashinda na soksi ndefu, jua kali yeye na soksi, ndani na soksi, akienda kuoga anajifungia mlango, mwanzoni nikasema labda ndo ukubwa unaanza, ameanza kuona aibu. Siku ya nne akiwa amelala nikamvua ili zifuliwe, nikakuta juu ya kifundo cha mguu kuna vitundu viwili na mkwaruzo umeshaanza kukauka. Nikamuamsha nikamuuliza hii nini, akasema mwiba. Miiba miwili inachoma kwa mpangilio ule? Nikakaa nae kitandani nikamwambia sikuchapi, sigombi, niambie tu. Akalia kwanza mpaka akaishiwa pumzi ndo akasema ni mbwa.

Nyuma ya ukuta wetu kuna sehemu watu wanatupa taka, mbwa jike mmoja koko amezalia pale, watoto wanne. Vijana wa mtaa wanaenda kuwachungulia na huyu wetu akawa anaenda nao, siku hiyo akainama kumuokota mmoja, mama mtu akamdaka mguu akamuachia. Hakumng'ang'ania, alimdaka tu mara moja. Sasa kinachoniumiza mimi siyo yule mbwa. Ni kwamba nilishamwambia huyu mtoto nikikuona huko nakuchapa, nilimwambia zaidi ya mara moja na nilikuwa namaanisha, kwahiyo alivyong'atwa hesabu yake ikawa nyepesi tu, bora anyamaze na mguu wake kuliko aje kwangu. Siku nne wakuu. Kama asingevaa soksi kwenye joto lile nisingejua kabisa.

Usiku uleule nikamuosha na sabuni maji yakitiririka, tukaenda hospitali kabla hakujakucha, nilikuwa natetemeka kuliko yeye. Daktari akasema kuchelewa siyo sababu ya kutokuja, maadamu dalili za kichaa cha mbwa hazijaanza chanjo inaanzwa siku hiyohiyo mtu anapofika. Kaanza dozi ya kwanza.

Sasa naomba tujadili, kwasababu nimegundua tunaishi na hawa wanyama kila siku, mbwa, paka, nyoka, popo, wengine mna nyani mpaka jikoni, na wengi wetu tunachojua ni kukimbia au kurusha jiwe. Wenye kujua mtufundishe, na wenye yaliyowakuta myaseme.

Nesi wa Zamu

Pole sana kaka, na hongera kwa kwenda usiku uleule. Nafanya kazi sehemu wanakopokelewa waliong'atwa, ngoja niseme ninayoyaona kila wiki.

Kwanza kuosha. Watu wanadharau sabuni kwasababu ni kitu cha kawaida, lakini hapo ndo nusu ya vita. Virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate, vikiingia kwenye kidonda havikimbilii kwenye damu kama watu wanavyofikiri, vinapanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Ndo maana tunapata nafasi. Osha dakika 15 kamili ukiangalia saa, maji yatiririke, sabuni yoyote ile, siyo kumwagia kikombe kimoja ukafuta. Halafu unakuja, hata usiku. Usipake pilipili, usipake majivu, usipake mafuta ya gari, vyote hivyo nimeviosha kwenye vidonda vya watu.

Pili, ile habari ya sindano nyingi za tumboni ni ya zamani. Zilikuwepo kweli, chanjo za aina ile ya kale mtu alichomwa tumboni siku nyingi mfululizo, na hofu yake imebaki vichwani mpaka leo, kuna watu wazima wanakimbia kwasababu ya stori ya babu yao. Saivi ni mkononi, dozi chache zinagawanywa ndani ya wiki kadhaa. Kama kidonda kimetoboka au kimetoa damu kuna na dawa nyingine ya kinga inachomwa palepale kwenye kidonda, ukifika uliza kuhusu hiyo usione aibu.

Tatu, hilo la mtoto kuficha ulilosema ndo kubwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15, na hao ninaowaona mimi wengi wanaletwa wamechelewa, ukiuliza kwanini unaambiwa hakusema. Ugonjwa ukishaanza dalili, mtu akaanza kuogopa maji, akaanza kushtuka upepo ukimpuliza usoni, hapo hatuna tena tunachoweza zaidi ya kumpunguzia mateso. Nimeshika mikono ya watu hao. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Mama Pacha

Nesi Mungu akubariki. Mimi swali langu, yule mbwa alikuwa mzima kabisa, haumwi, hatoi mate, ana watoto anawalinda. Kuna haja kweli ya sindano zote hizo? Siyo kwamba napinga nataka kuelewa tu maana wangu mapacha wanacheza na kila kinachotembea.

Nesi wa Zamu

Mama Pacha swali zuri na ndo linaloua watu. Mbwa anaweza kutoa virusi kwenye mate siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote, unamuona mzima anatikisa mkia. Kwahiyo tunaangalia siku 10 tangu alipomng'ata mtu, kama siku ya kumi yupo hai na mzima basi siku ile hakuwa na virusi kwenye mate. Ila hausubiri zile siku kumi ziishe ndo uende, unaanza chanjo leo na mbwa anaangaliwa huku, akibaki salama daktari anaweza akakuambia uishie hapo. Hiyo hesabu ya siku kumi ni ya mbwa na paka tu, usiipeleke kwa nyani wala popo.

Na siyo lazima mbwa awe mkali. Kuna kichaa cha upole, mnyama anapooza taya linalegea, mdomo wazi, mtu anadhani amekwamwa na mfupa anaingiza mkono amsaidie.

Kanyaga Twende

Mimi naenda tofauti na nyie samahanini. Mnazunguka sana, dawa ya mbwa koko ni moja tu, wauawe wote, wiki moja mtaa umesafika. Binadamu kwanza. Mdogo wangu alirukiwa na mbwa watatu saa kumi na moja alfajiri akienda kazini mpaka leo ana kovu la paja, msiniambie habari ya kuwaonea huruma.

Mzee wa Bustani

Kanyaga pole ya mdogo wako, na hasira yako naielewa kabisa. Lakini hilo limeshajaribiwa sehemu nyingi na nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Kisiwa cha Bali kule Indonesia kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 2008, hakikuwepo kabla. Wakaanza kuua mbwa, wengi sana, kwa sumu. Ugonjwa ukaendelea kusambaa kisiwa kizima. Unajua kwanini? Mtu akisikia wauaji wanakuja anamficha mbwa wake anampeleka kijiji kingine, pengine ameshaambukizwa, na wale waliouawa wengine walikuwa wameshachanjwa, unabomoa ukuta wako mwenyewe. Nafasi ikibaki wazi na taka zipo wanakuja wengine wageni ambao hamuwajui. Mwaka 2010 wakabadilisha wakaanza kuchanja mbwa kisiwa kizima ndo vifo vya watu vikaanza kushuka. Hesabu inayotumika duniani ni kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa njia ya kupita. Huhitaji hata kuwafikia wote.

Na kingine, mbwa hawaji mtaani kwasababu wanatupenda wala kutuchukia, wanakuja kwenye taka. India kulikuwa na tumbusi mamilioni wanaokula mizoga, miaka ya 1990 wakaanza kufa kwasababu ya dawa moja ya maumivu waliyokuwa wanapewa ng'ombe, diklofenaki, tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyepewa ile dawa figo zinakufa. Wakapungua zaidi ya asilimia 95. Mizoga ikabaki, na nani akaila? Mbwa. Wakaongezeka na watu wakang'atwa zaidi. Serikali ikaja kupiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Yaani ndege anayeonekana mbaya na mchafu alikuwa anawalinda watu na wao hawajui. Kwahiyo mimi kila nikiona rundo la taka nyuma ya ukuta wa mtu naona bakuli la mbwa, hata kama mbwa bado hajafika.

Kanyaga Twende

Sawa mzee nimekusoma. Hiyo ya kuua waliochanjwa sikuwahi kuifikiria. Lakini basi mtu akizungukwa afanyeje? Maana chanjo haimsaidii saa kumi na moja alfajiri.

Mama Pacha

Hapo naweza kusema maana yalinikuta. Nilikuwa natembea mapema giza halijaisha, wakatoka wanne upande wa kushoto wanabweka, na akili yote inakwambia kimbia kimbia. Nikakumbuka nilichofundishwa zamani nikasimama. Mikono nikaishusha ubavuni nikakunja vidole, macho nikayaweka chini kwenye miguu yao siyo usoni, nikawa kama mti. Wakaja mpaka karibu kabisa mmoja akaninusa kiatu, nilisikia pumzi yake kwenye mguu. Nilihesabu, nadhani nilifika hamsini. Walipolegea nikaanza kurudi kinyumenyume hatua moja moja bila kuwapa mgongo, nikaweka mkoba katikati yangu na wao, hadi nikafika kwenye geti la mtu.

Ukikimbia unamwamsha mbwa anayekimbiza, hata yule ambaye hakuwa na mpango na wewe. Ukianguka jikunje kama mpira, mikono ifunike shingo na masikio, uso chini, nyamaza. Mapacha wangu nawafanyisha hiyo kama mchezo, nikisema mti wanasimama, nikisema jiwe wanajikunja. Wanacheka sana lakini wanajua.

Na kama kuna vitoto usikaribie, hata kama mama yao haonekani.

Fundi Dari

Wakuu mimi napanda kwenye dari za watu kila siku kwahiyo naona wapangaji msiowajua. Popo kwanza. Watu wengi wanaponiita wanataka nizibe matundu palepale mchana. Mchana wamo ndani! Ukiziba wanafia humo, harufu miezi, na wengine wanatafuta upenyo wanatokea chumbani kwako. Unaangalia jioni wanatokea wapi, unasubiri watoke, na kabla ya yote unahakikisha siyo msimu wa vitoto maana vitoto haviruki, mama anatoka kutafuta chakula anaviacha. Nimewahi kukuta vitoto vimekauka kwenye dari kwasababu fundi aliyenitangulia aliziba bila kuangalia, sikusahau. Popo wengi wa majumbani wanakula wadudu, mbu wakiwemo, siyo adui yako, ila asikae chumbani.

Usimshike kwa mkono mtupu kamwe, meno yake ni madogo mno anaweza kukung'ata usione hata alama. Ukimkuta popo kwenye chumba alicholala mtoto, ongea na watu wa afya hata kama mtoto anasema hajasikia kitu.

Nyoka sasa. Nyoka yupo kwako kwasababu panya yupo kwako, na panya yupo kwasababu ya mabaki na vitu vilivyorundikwa, ni mnyororo mmoja na wa mbwa alioeleza Mzee. Juzi nimeitwa nyumba moja kuna nyoka nyuma ya friji, nimefika nimekuta watu saba wameshika fimbo na maji ya moto, mmoja yupo peku! Nikawatoa wote, mlango wa nje wazi, milango ya vyumbani imefungwa na nguo chini, mtu mmoja akakaa mbali anamuangalia tu asipotee machoni mpaka akaja mtu anayejua kukamata. Kuna watu wanang'atwa wakijaribu kumuua au kumshika.

Nesi wa Zamu

Fundi umeongea vizuri sana. Akishang'ata mtu, msifunge kamba kwa kukaza, msichane, msifyonze sumu kwa mdomo. Kamba ikikazwa inaua mguu wenyewe, tumewahi kupokea mguu mweusi ambao sumu peke yake isingeufikisha pale. Mtulizeni, vueni pete, bangili na viatu kabla hapajavimba, kiungo kisitikiswe kama vile kimevunjika, apelekwe amebebwa asitembee. Msipoteze muda kumsaka nyoka eti daktari amuone. Akitema sumu machoni ni maji mengi, mengi sana kwa muda mrefu, halafu hospitali. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka kwa kung'atwa na nyoka, na wengine wengi zaidi wanabaki na ulemavu.

Na chandarua jamani, kichomekeni chini ya godoro. Kinazuia mbu na kinazuia nyoka anayetambaa usiku pia.

Dirisha Wazi

Mimi jina langu linajieleza, nilikuwa naacha dirisha wazi, ndo nyani wakanifundisha. Tunaishi kwenye nyumba zilizopakana na msitu, hali ya kwetu ni kama inayotokea Cape Town kule Afrika Kusini, nyani wanajua kufungua milango ya nyumba na ya magari. Siku hiyo naingia jikoni nakuta dume limekaa juu ya meza limeshika mfuko wa mikate. Kosa langu, nilitabasamu kwa woga. Kwa nyani ukionyesha meno na kumkazia macho unamtishia, akanionyesha yake, na meno ya dume la nyani ukiyaona karibu huyasahau. Nilikuwa nimesimama mlangoni, yaani nimeziba njia yake ya kutokea. Nikasogea pembeni taratibu nikainamisha macho, akashuka na mfuko wake akapita hatua mbili kutoka kwangu, akaenda.

Kilichonikera baadaye ni kugundua jirani anawapa chakula kwa mkono ili apige video. Mnyama akishajua mkono wa mtu una chakula, anaanza kuudai kwa kila mtu, na mwisho wa siku anapigwa risasi yeye, jirani anabaki na video yake.

Mzee wa Bustani

Dirisha Wazi hilo la kutoziba njia ya kutokea liandikeni mahali, ni kwa wanyama wote. Paka, kenge, nyoka, nyani, hata chui. Na msidhani chui ni habari ya mbugani tu, Mumbai kule India kuna hifadhi ya Sanjay Gandhi jiji limeizunguka, chui wapo mle na usiku wanatoka kuwinda mbwa koko waliojaa pembeni kwa ajili ya taka. Taka, mbwa, chui, mtoto aliyetoka nje usiku peke yake. Mnyororo uleule tena.

Jongoo Mwendo (mleta uzi)

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nimesoma kila neno.

Mrejesho. Siku ya kumi tangu ang'atwe imepita, nilikuwa naenda kumuangalia yule mbwa asubuhi na jioni nikiwa mbali, yupo mzima, anakula, ananyonyesha. Daktari amesema kwa hali hiyo tungeweza kuishia hapo ila kwa kuwa mtoto anaishi karibu na mbwa wengi tumalizie dozi, na mimi nimekubali bila kubishana. Tumepata daktari wa mifugo, amekuja na vijana wawili, watoto wakishaacha kunyonya mama yao atafungwa kizazi na wote watano watachanjwa, wawili wameshapata watu wa kuwachukua. Taka tumezihamisha, majirani sita tulijitokeza Jumamosi na majembe, Kanyaga ningekuwa nakujua ningekuita maana kazi ilikuwa ya kutumia hasira.

Kuhusu mtoto. Nilimuomba radhi. Nilikaa nae chini nikamwambia nilikosea kukutisha, kuanzia leo ukiumizwa na kitu chochote, hata kama ulikuwa sehemu niliyokukataza, wa kwanza kuambiwa ni mimi na hakuna fimbo siku hiyo. Alinyamaza tu, sikujua kama ameamini.

Jana jioni nipo sebuleni nasikia bomba la nje limefunguliwa maji yanamwagika muda mrefu, natoka nigombe nani anapoteza maji. Namkuta ameinama, mkono una povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko, paka wa jirani kamkwaruza. Kabla sijafungua mdomo akaniambia "mjomba bado dakika nane, niangalizie saa."